Kompyuta ya Nyumbani na Amana za Maharusi



Wiki iliyopita shoga yangu anayeanza biashara ya kupamba maharusi alinipigia simu akaniuliza suali fupi: "Hii laptopu ya watoto nyumbani si itanitosha kwa kazi?" Nikamwambia nipe siku mbili nitakujibu. Akacheka, akaona namringia. Lakini suali hilo nimeshalijibu mara mbili maishani mwangu, na mara ya kwanza nililijibu vibaya, na waliolipia kosa langu hawakuwa mimi peke yangu. Nimeona nimjibu hapa ili na nyinyi mfaidike.

Mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Unguja. Nilisoma skuli mpaka kidato cha nne, kisha nikaingia kozi ya ushoni. Wa umri wangu mtakumbuka Disemba 2009, pale njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Mahoteli yalinguruma kwa majenereta, samaki wakaoza mafrijini, lakini sisi wanafunzi wa ushoni hatukusimama hata siku moja. Vyerehani vyetu vilikuwa vya kukanyaga. Kikikwama unakifungua mwenyewe, unakitia mafuta, unabadilisha mkanda, unaendelea. Cherehani kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekula kwa kushona. Somo hilo nililipata bure nikiwa msichana, nikaja kulisahau nilipoanza kununua mashine za kisasa.

Zawadi ya baba watoto

Miaka sita iliyopita nilinunua cherehani cha kudarizi kinachotumia kompyuta. Kwa msiokijua, hakichori chenyewe. Kinasoma faili kutoka kwenye flashi, na faili ndilo linaloiambia sindano iende wapi, irudi wapi, na uzi ubadilishwe lini. Faili hilo unalitengeneza wewe kwenye kompyuta. Mimi natumia Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape.

Mume wangu, Allah amlipe kheri, akaniletea laptopu mpya kutoka dukani. Nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, imo ndani ya boksi lake. Shilingi 750,000. "Yako na watoto," akasema.

Sitaki kuisingizia ile mashine. Mwaka wa kwanza ilitosha kabisa. Watoto walisomea, walisikilizia Qur'ani, mimi nikaandikia hesabu na kuchorea maua. Ilikuwa na RAM ya 4GB, kwa hiyo nikifungua mchoro mkubwa pamoja na picha, inaganda. Naondoka natia chai, narudi, bado inazunguka. Nikazoea. Sisi wanawake tunazoea mengi.

Mashine haikubadilika. Kilichobadilika ni nilichokuwa nikikitia ndani yake, kidogo kidogo, bila kukaa chini nikafikiri. Kufika mwaka wa tatu mlikuwa na michoro yangu zaidi ya 200. Mlikuwa na hesabu zote: nani katoa arubuni, nani kabakisha ngapi. Na mlikuwa na picha.

Bi harusi akija kujaribu gauni huvua baibui. Kichwa wazi, mabega wazi. Mimi humpiga picha mbele, nyuma na ubavuni, kwa sababu kasoro ya bega au kiuno huionekani vizuri kwa jicho la pale pale, ila kwenye picha unaiona mara moja. Simu yangu ilipokuwa inajaa, nilihamishia picha kwenye laptopu. Nilijiona mwerevu. Laptopu ile ile ambayo mwanangu wa kiume anaichezea magemu jioni, na binamu zake wakija wanaangalia katuni.

Siku kumi na moja kabla ya nikah

Ilikuwa Shaaban. Mnajua Shaaban ilivyo kwetu, kila mtu anataka kuoa kabla ya mwezi kuandama. Nilikuwa na bi harusi wa Pemba. Alikuja Unguja mara moja tu kupimwa na kujaribu, kisha akarudi kwao. Gauni lake la nikah lilikuwa jeupe, mikono yake nimeshaidarizi ua la asumini, na ua hilo hilo lilitakiwa kwenye mkia wa gauni, kubwa zaidi.

Usiku umeme ukapepesa mara mbili, ukakata. Uliporudi, laptopu haikuwaka. Wala taa ya chaji.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mjini. Kijana mwenye adabu, aliniita dada, akaifungua mbele yangu. Mle ndani palikuwa na vumbi la uzi na vitambaa limejaa kwenye feni kama pamba ya mto. Akaangalia kidogo, akatikisa kichwa.

"Dada, hii haina diski ya kutoa. Imechomelewa kwenye bodi. Bodi ikifa, vyote vimo humo humo."

Nikamuuliza kwani diski si hutolewa ikatiwa kwenye mashine nyingine? Akaniambia hiyo ni kwenye mashine nyingine, si hizi. Kwenye laptopu nyingi za bei nafuu hifadhi ni kichipu cha eMMC kilichochomelewa kwenye bodi, na mara nyingi RAM nayo ni hivyo hivyo. Haiongezwi, haitolewi. Akaniambia niiache pamoja na neno la siri, ajaribu, na ikishindikana ataivusha Dar kwa mwenzake mwenye vifaa.

Nikatazama barazani. Vijana watatu wamekaa wanapiga soga, mashine za watu zimepangwa juu ya meza, nyingine zimewashwa. Wallahi sikumshuku yule kijana. Lakini ndipo nilipokumbuka kilichomo ndani. Watoto wa watu, vichwa wazi, na majina yao nimeyaandika mimi mwenyewe kwenye kila folda. Nikaifunga ile laptopu ndani ya kanga nikarudi nayo nyumbani.

Ua na madeni

Gauni kwanza. Kwenye flashi iliyokuwa kwenye cherehani lilibaki faili la ua la mikononi, la aina ya DST. Nikashukuru, nikadhani nimeokoka. Mafundi wenzangu mnajua kilichofuata. Faili la DST si mchoro. Ni orodha ya miruko ya sindano tu, wala rangi halisi za nyuzi halizishiki. Ukilikuza, mishono inatawanyika na kitambaa kinaonekana katikati. Mchoro wenyewe, ule unaoweza kuukuza na kuupunguza, ulikuwa kwenye mashine iliyokufa.

Nikaazima kompyuta ya jirani, nikalichora ua upya nikiangalia mkono wa gauni uliokwisha kudariziwa, siku tatu usiku na mchana. Vipimo vya mwili alhamdulillah vilikuwa kwenye daftari. Nilimpigia mama wa bi harusi nikamwambia ukweli kwamba nimepata msiba wa mashine na gauni litachelewa siku mbili. Akanyamaza, akasema, "Tunakutegemea, mwanangu." Neno hilo lilinikata kuliko angenigombeza. Gauni lilipanda boti zimebaki siku mbili.

Kisha madeni. Surat Al-Baqara, aya ya 282, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inazungumzia kuandika madeni. Nilikuwa naisoma na najisifu kimoyomoyo kwamba mimi naandika. Kumbe niliandika mahali pamoja tu, mahali ambapo umeme ukipepesa maandishi yanakufa. Ikabidi niwapigie wateja kuwauliza, "Samahani mpenzi, kwani ulibakisha ngapi?" Wengi walisema kweli. Mmoja akaniletea zaidi ya nilivyodhani. Mmoja akasema kamaliza zamani, na mimi najua hajamaliza, lakini ushahidi sina. Nimemsamehe. Sina njia nyingine.

Suali la bi harusi

Siku ya tatu baada ya harusi yule bi harusi wa Pemba alinipigia kunishukuru. Gauni lilimkaa vizuri, watu wamelisifu. Tukazungumza, tukacheka. Halafu akaniuliza, sauti chini:

"Dada, mama kaniambia kompyuta yako imeharibika. Zile picha zangu ulizonipiga ziko wapi?"

Nikamwambia zimo ndani ya mashine iliyokufa, nimeifungia kabatini.

"Imekufa kweli?"

Sikuweza kumjibu. Bodi ikitengenezwa, zitaonekana. Neno la siri la kufungulia Windows lisingemzuia fundi yeyote anayejua kazi yake, kwa sababu kinachomo kwenye diski kilikuwa wazi. Yeye sasa ni mke wa mtu. Aliponivulia baibui aliniamini mimi, hakuiamini kompyuta ya watoto wangu wala meza ya fundi.

Wiki ile, katikati ya pirika za mwisho wa Shaaban, niliwapigia wote ambao picha zao zilikuwa mle. Kumi na tisa. Wengine walicheka wakasema usijali. Mmoja alilia. Mmoja alikata simu, na mpaka leo hajarudi kwangu, na wala simlaumu.

Baada ya Idi, mimi na mume wangu tulirudi kwa yule fundi. Nikamwomba atuoneshe kile kichipu kiko wapi. Akatuonesha, akasema, "Lakini dada, pengine Dar wangeweza kuitoa kazi yako." Nilijua. Michoro yangu ya miaka mitatu ilikuwa ndani ya kichipu hicho hicho. Mume wangu akaazima nyundo.

Basi inatosha au haitoshi?

Sasa nimjibu shoga yangu. Kwa kasi na nguvu, kompyuta ya nyumbani inawatosha wengi wetu. Kuandika hesabu, kutuma bei kwa mteja, kutengeneza kadi za mwaliko, hata kuchora darizi, haihitaji mashine ya ajabu. Anayehariri video za harusi ndiye atakayehitaji nguvu zaidi. Tofauti kubwa kati ya kompyuta ya nyumbani na ya kazi huionekani siku mashine ni nzima. Unaiona siku ikiharibika.

Mimi nilifumbuliwa macho na wifi yangu anayefanya kazi ofisini. Alinieleza kwamba makampuni mengi hununua mashine za daraja la kazi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, wakazitumia miaka michache kisha wakaziuza. Nyingi kati ya hizo ndizo tunazoziona madukani zikiitwa "yuzidi". Nikanunua ThinkPad T480, mashine iliyotoka mwaka 2018, kwa shilingi 620,000. Bei ndogo kuliko ile mpya ya boksi. Nyeusi, nene, kona zimechubuka. Watoto waliiangalia wakaondoka, na hilo nalo ni faida.

Lakini ukiigeuza chini unakuta skrubu za kawaida. Diski inatoka. RAM ina nafasi mbili, nikaiongeza ikafika 16GB. Betri ya nyuma unaichomoa kwa vidole. Feni naisafisha mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, kama ninavyosafisha cherehani. Na ina Windows ya Pro, yenye BitLocker, ambayo inafunga diski nzima: hata mtu akiitoa akaitia kwenye mashine nyingine, bila ufunguo haoni kitu. Windows ya Home haina BitLocker kamili. Baadhi ya mashine za Home zina namna nyepesi ya kuifunga diski, lakini ni juu yako kuangalia kama yako inayo na kama imewashwa.

Nisiwadanganye hata hivyo. Mashine hii nayo isingeniokoa kama ningeendelea na mazoea yale yale. Nakala moja ni nakala moja tu, hata ikiwa ndani ya sanduku la chuma. Mtu aliyemuuliza Mtume ﷺ kuhusu ngamia wake alifundishwa amfunge kwanza kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi nilitegemea bila ya kufunga. Kwa hiyo sasa nafanya hivi:

- Kompyuta ya kazi haiguswi na watoto. Wana ya kwao.
- Kila Alhamisi baada ya Alasiri nanakili michoro na hesabu kwenye diski ya nje, na hiyo diski inalala nyumbani kwa mama yangu, si dukani.
- Madeni yapo kwenye kompyuta na kwenye daftari, na mteja anaondoka na karatasi yake.
- Ufunguo wa BitLocker nimeuandika kwenye karatasi na nimeuweka mbali na mashine. Ukiupoteza, na wewe mwenyewe unafungiwa nje.
- Mashine inakula umeme kupitia UPS. Ukipepesa, nina dakika za kuhifadhi na kuzima.
- Picha za kujaribu gauni napiga kwa simu ya bi harusi mwenyewe. Tunaziangalia pamoja, narekebisha, anaondoka nazo. Kwangu hakibaki kitu.

Hilo la mwisho halikunigharimu hata shilingi, na ndilo kubwa kuliko yote. Ningelifanya tangu mwanzo, ile laptopu ya fedha ingekufa kifo cha kawaida na mimi ningepoteza maua tu.

Ukitaka kununua

Muulize muuzaji: diski inatoka? RAM inaongezeka? Betri inapatikana hapa hapa? Windows ni Home au Pro? Na prosesa ni ya kizazi cha ngapi? Hili la mwisho ni muhimu kwa sababu Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, rasmi inataka kuanzia kizazi cha nane. Usiuziwe mashine ya kizazi cha tano kwa sababu tu ni nyembamba na ina taa kwenye kibodi. Kagua na mwili: hewa yetu ina chumvi, angalia kutu kwenye skrubu na kwenye matundu ya waya.

Na kama unapamba harusi mbili tatu kwa mwezi, simu yako na daftari vinakutosha. Usikope kwa ajili ya kompyuta. Siku utakapoanza kuweka vitu vya watu wengine ndani yake, iwe pesa zao, siri zao au sura zao, siku hiyo hiyo acha kuihesabu kuwa ni ya nyumbani.

Na nyinyi maharusi, hasa mnaotafuta wapiga picha wa kike kwa shughuli za wanawake, ulizeni kabla ya kutoa arubuni: picha zangu zitakaa wapi, nani mwengine anaitumia hiyo kompyuta, na zitafutwa lini? Msione haya. Mwenye kazi safi hatakasirika. Surat An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha turudishe amana kwa wenyewe, na haikusema amana ni dhahabu na fedha peke yake.

Yule bi harusi wa Pemba sasa ana mtoto. Mwaka huu alimleta mdogo wake kwangu apimwe. Kabla hajavua baibui, dada mtu akaniangalia, akanyoosha mkono akanipa simu ya mdogo wake. Sote watatu tukacheka.

Allah atujaalie tuwe wa kuaminiwa katika kazi zetu, azibariki riziki zetu, na awasitiri maharusi wetu hapa duniani na kesho akhera. Aamiin.